Chuo cha Mabanati Kinapopokea Wanaume

Kila zinapozuka habari za chuo cha wasichana kuanza kupokea wavulana, mjadala wa watu aghalabu huelekea upande wa adabu, wakaulizana kama ni salama au si salama vijana wa kike na wa kiume kuketi darasa moja. Na kwa kuwa mjadala huanzia hapo, mara nyingi hukomea papo hapo, pasipo kuguswa swali lililo kubwa kuliko hilo, nalo ni kwamba chuo kilichojengwa na wanawake, kwa jasho la wanawake na kwa ajili ya wanawake, kinapopokea wanaume, mamlaka yake hubaki mikononi mwa nani. Rai yangu ni kwamba kuchanganya wanafunzi si jambo baya, wala si dawa ya kila maradhi. Kheri yake au hasara yake hutokana na jibu la swali hilo moja, na jibu hilo lapasa kutolewa na kuandikwa kabla mwanafunzi wa kwanza wa kiume hajaingia. Ushahidi wa rai hii nautoa katika mji mdogo wa Atchison, jimbo la Kansas nchini Marekani, kwa sababu kisa cha chuo cha Kikatoliki cha mji huo kinatuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki kuliko wengi wetu tunavyofahamu.

Atchison ni mji ulio kando ya mto Missouri, na tangu karne ya kumi na tisa umekuwa makao ya nyumba mbili za watawa wa Mtakatifu Benedikto. Wamonaki walifungua chuo chao cha wavulana mwaka 1858, wakakipa jina la mtakatifu wao. Miaka mitano baadaye, mwaka 1863, masista saba wa kanuni hiyo hiyo, wakiongozwa na Mama Evangelista Kremmeter, walisafiri kutoka St. Cloud, jimbo la Minnesota, wakafika Atchison ilhali Marekani imo katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mwaka huo huo wakafungua shule ya wasichana. Shule ikakua polepole. Katika miaka ya 1920 ikazaa chuo, na katika muongo uliofuata chuo hicho, kwa jina la Mount St. Scholastica, kikawa kinatoa shahada kamili. Wasomaji wa Peramiho, Ndanda, Hanga na Chipole, waliozoea kuishi jirani na watawa wa Mtakatifu Benedikto, hawahitaji kuambiwa kwamba Skolastika alikuwa umbu lake Benedikto, na kwamba mapokeo ya kale husema walikuwa pacha. Hivyo mji mmoja ukawa na vyuo viwili, kimoja cha kaka na kimoja cha dada, kila kimoja na wakuu wake, walimu wake na hazina yake.

Ni vema tukumbuke kwamba vyuo vya namna hii havikuzaliwa kwa sababu masista walipenda kujitenga. Milango ya vyuo vya wanaume ilikuwa imefungwa. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Washington, kilichoasisiwa mwaka 1887, hakikuwapokea wanawake, na kwa sababu hiyo masista wa Notre Dame de Namur wakaasisi chuo cha Trinity katika mji huo huo mwaka 1897. Na miaka miwili kabla yake, huko Baltimore, masista wengine walikuwa wamekwisha fungua chuo cha shahada kwa wasichana Wakatoliki, ambacho leo kinaitwa Notre Dame of Maryland. Hata mwaka 1929 Papa Pio wa 11, katika waraka wake juu ya elimu ya Kikristo, aliukataa waziwazi mtindo wa kuwafundisha wavulana na wasichana pamoja. Masista hawakuwa na uwezo wa kuivunja mipaka hiyo. Wakafanya lililokuwa ndani ya uwezo wao, nalo ni kujenga. Na ndani ya mipaka ile waliyowekewa na wengine, wakaumba jambo ambalo walioweka mipaka hawakulikusudia: mahali ambapo mkuu wa chuo ni mwanamke, mshika hazina ni mwanamke, msimamizi wa maabara ni mwanamke, na mwalimu wa falsafa ni mwanamke, hata msichana anayesoma hapo kwa miaka minne hawezi kudhani kwamba uongozi na ilimu ni mali ya jinsia moja.

Mmoja wa wasichana waliosoma hapo alikuwa binti wa Nyeri. Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, alilelewa kielimu na masista wa Consolata huko Mathari, kisha na masista wa Loreto huko Limuru; na mwaka 1960, wakati ule ambapo juhudi za Tom Mboya na auni ya jamaa ya Kennedy ziliwavusha bahari mamia ya vijana wa Afrika Mashariki kwenda kusoma Marekani, yeye akapelekwa Atchison, katika chuo cha Mount St. Scholastica. Alisoma huko baiolojia, pamoja na kemia na Kijerumani, akahitimu mwaka 1964, akaendelea hadi shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, na aliporejea Nairobi akapata mwaka 1971 shahada ya udaktari, mwanamke wa kwanza kufikia daraja hiyo katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Yaliyofuata yanajulikana: mwaka 1977 alianzisha harakati ya Ukanda wa Kijani, mwaka 1989 akasimama dhidi ya jumba refu lililotaka kumeza bustani ya Uhuru, na mwaka 2004 akatunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani. Lakini lipo jambo moja lisilotajwa sana, ambalo kwa hoja yetu lina uzito: alipokuwa mhadhiri Nairobi, yeye na mwenzake walidai wahadhiri wa kike wapewe stahiki sawa na wanaume katika nyumba na marupurupu, ilhali wanawake wengi wa zama hizo waliuona upungufu ule kuwa ni desturi ya ulimwengu. Sisemi kwamba masista wa Kansas ndio waliompa ujasiri wake, kwani alikwenda huko na akili yake na malezi ya kwao. Nasema kwamba mtu aliyekwisha kuona kwa macho yake chuo kizima kikiendeshwa na wanawake, na kikaenda, hawezi kushawishika kwa wepesi kwamba jambo hilo haliwezekani.

Sasa mwaka ule ule wa 1971 ambapo Wangari alipata udaktari wake Nairobi, chuo kilichomlea huko Atchison kilikoma kuwa chuo cha wanawake. Mount St. Scholastica kiliunganishwa na chuo cha wamonaki, na kutoka katika vyuo viwili kikazaliwa kimoja, Benedictine College, cha wavulana na wasichana pamoja. Wala uamuzi huo haukuwa wa kipuuzi. Mwaka 1965 masista wa Marekani walikuwa karibu 180,000, na katika miaka iliyofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano wengi walitoka, na waliojiunga wakawa wachache. Leo hawafiki 40,000. Kwa chuo kidogo, kupungua huko kulikuwa na maana ya fedha, kwa kuwa sista aliyefundisha hakulipwa mshahara wa soko, na kazi yake ya sadaka ndiyo iliyokuwa wakfu wa kweli wa chuo. Kila sista mmoja alipoondoka, alikuja mwalimu mlei mwenye familia, ambaye kwa haki kabisa alitaka ujira. Tena katika miaka hiyo hiyo vyuo vya wanaume vilifungua milango: Yale na Princeton mwaka 1969, Holy Cross na Notre Dame mwaka 1972. Msichana hodari aliyekuwa akimbilie kwa masista sasa aliweza kwenda kwingine, na wengi walikwenda. Mwaka 1960 vyuo vya wanawake nchini Marekani, vya dini na visivyo vya dini, vilizidi 200. Leo havifiki 40. Katika hali hiyo, mji mdogo kuwa na maktaba mbili, maabara mbili na safu mbili za walimu ulikuwa ni ubadhirifu ambao hakuna mshika hazina mwaminifu angeutetea.

Walakini jambo jema hufanyika kwa namna njema au kwa namna yenye kasoro. Chuo kipya kilichukua jina litokalo kwa Benedikto, na jina la umbu lake likabaki kwenye nyumba ya masista tu. Kwa miaka kadhaa masomo yalitolewa katika viwanja vyote viwili, kisha yakakusanywa hatua kwa hatua hata, mwishoni mwa miaka ya 1980, chuo chote kikawa kimehamia upande wa wamonaki. Masista hawakufukuzwa, mpaka leo wanatajwa kuwa waasisi na walezi wa chuo, na monasteri yao ipo mji huo huo. Lakini mahali ambapo wanawake walikuwa wenyeji pamekuwa mahali ambapo wanawake ni wanafunzi miongoni mwa wanafunzi, na aliyekuwa mshika usukani amekuwa mshauri.

Tofauti hiyo ilidhihirika mbele ya ulimwengu mwezi Mei 2024. Chuo kilimwalika Harrison Butker, mchezaji wa timu ya Kansas City Chiefs, atoe hotuba ya mahafali. Naye, akiwaelekea wahitimu wa kike, aliwaambia kwamba wanawake ndio waliolishwa uongo mkubwa kuliko wote, kwamba ingawa baadhi yao watafanikiwa katika kazi, alidhani walio wengi wanafurahia zaidi ndoa na watoto watakaowazaa, na kwamba mkewe mwenyewe hukiri maisha yake yalianza hasa alipoingia katika wito wa mke na mama. Siku chache baadaye masista wa Mount St. Scholastica walitoa tamko kwamba maneno hayo hayakuwa sura ya chuo walichokikusudia waasisi wake, nao wakakumbusha kwamba kwa muda wa miaka 160 wamewafundisha wanawake walioinufaisha dunia kwa kuwa wake na mama, na pia kwa vipaji vya uongozi, vya usomi na vya kazi walivyojaliwa na Mungu.

Simlaumu mtu kwa kuisifu nyumba na ulezi, kwani hakuna kazi yenye fadhila kuliko kulea mtu. Wala hotuba moja haitoshi kukihukumu chuo chenye shule ya uuguzi na ya uhandisi ambamo wasichana husoma kwa bidii. Linalonihuzunisha ni mahali masista walipokuwa wamesimama waliposema. Waliokiasisi chuo kwa ajili ya wasichana walilazimika kuwatetea wasichana hao kwa tamko la hadharani, kama anavyofanya jirani anayejali, ilhali kama wangekuwa na sauti ya kutosha ndani ya baraza, rai yao ingesikilizwa kabla ya mgeni kualikwa. Papa Gregori Mkuu anasimulia kwamba Skolastika, alipomwomba Benedikto asiondoke ili wazidi kuzungumza, naye akakataa kwa kuchelea kuvunja kanuni, aliinamisha kichwa akasali, na mvua kubwa ikanyesha hata ndugu yake asiweze kutoka. Na Gregori anahitimisha kwamba dada alishinda kwa kuwa upendo wake ulikuwa mkubwa zaidi. Wana wa Benedikto na mabinti wa Skolastika wanaisimulia habari hiyo hadi leo, na mafunzo yake kwa baraza la chuo ni bayana: neno la dada lina haki ya kuamua, wala si haki ya kusikika tu.

Pengine mtu atasema kwamba hayo ni majaliwa yasiyoepukika, na kwamba wanawake wakiungana na wanaume hawana budi kumezwa. Historia inamkanusha. Masista walioondoka St. Cloud mwaka 1863 waliwaacha nyuma wenzao, na wenzao hao ndio waliokuja kuasisi Chuo cha Mtakatifu Benedikto cha Minnesota, kwa ajili ya wasichana. Jirani yao walikuwa wamonaki wenye chuo cha wavulana cha Saint John's. Tangu miaka ya 1960 vyuo hivyo viwili vimeshirikiana hata wanafunzi wakasoma mtaala mmoja na katika madarasa ya pamoja, lakini kila upande ukabaki na viwanja vyake, mabweni yake na mila zake, na chuo cha masista kikabaki chuo cha wanawake chenye jina lake. Na mwaka 1971, Atchison walipokuwa wakiungana, masista wa Msalaba Mtakatifu huko Indiana walikuwa katika mashauri ya kukiunganisha chuo chao cha Saint Mary's, kilichoasisiwa mwaka 1844, na Notre Dame. Walipoona masharti hayawaridhishi, mashauri yakavunjika, na Saint Mary's kingali kinafundisha wanawake hadi leo. Basi palikuwa na njia tatu, na zote tatu zilikuwa mbele ya watawa wa zama moja.

Wala kufungua milango kabisa hakulazimu kupoteza mamlaka. Chuo cha Emmanuel cha Boston, cha masista wa Notre Dame de Namur, kilianza kupokea wavulana mwaka 2001, na idadi ya wanafunzi wake ikaongezeka mno. Lakini aliyekiongoza kabla ya mabadiliko hayo, wakati wake na kwa miaka mingi baadaye, tangu 1979 hadi 2023, alikuwa ni Sista Janet Eisner. Mwenye nyumba anayekaribisha wageni hapunguzi hadhi yake, mradi ufunguo wa nyumba ubaki mkononi mwake. Kinyume chake tunakiona katika chuo cha New Rochelle, kilichoasisiwa na masista Waursula mwaka 1904: kilipofungua milango yake yote kwa wanaume mwaka 2016, hazina yake ilikuwa imekwisha oza kwa madeni yaliyofichwa na kodi za mishahara zisizolipwa, na mwaka 2019 kikafungwa. Wavulana hawakukiua, wala hawakuweza kukiokoa. Anayedhani kwamba ada za wanaume zitatibu kasoro za usimamizi anajidanganya, na akiacha amana ya wanawake kwa tamaa ya ada hizo, atakuwa ameacha mbachao kwa msala upitao.

Nawasikia pia wale wa upande wa pili, wanaotaka vyuo vya wasichana vibaki vimefungwa daima dawamu. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Mbali na hoja ya fedha, ambayo peke yake yatosha kukifisha chuo kidogo, iko faida wasiyoihesabu: kijana wa kiume naye ana haja ya kufundishwa kemia na sista mtaalamu, kusahihishwa insha yake na profesa wa kike, na kuishi chini ya mkuu ambaye ni mwanamke, ili atakapokuwa hakimu, mwajiri au baba, asione ajabu wanawake kuamuru na kujua. Shule aliyosoma Wangari ilimfundisha yeye kwamba mwanamke aweza. Laiti wavulana wengi zaidi wa kizazi chake wangeliketi katika darasa la namna ile, huenda madai yake pale chuoni Nairobi yasingelihitaji mapambano. Ila faida hiyo hupatikana pale tu ambapo wavulana huingia katika nyumba ya wanawake, si pale ambapo wanawake huhamishiwa katika nyumba ya wavulana.

Na vyuo vilivyofungua milango vyaweza kuendelea kuitumikia kazi ya asili. Mwaka 1999 wakuu wa vyuo vinne vya Kikatoliki vya Pennsylvania, yaani Chestnut Hill, Immaculata, Marywood na Rosemont, pamoja na mashirika manne ya masista, waliunda ushirika wa kuwaelimisha masista wa Afrika, na masista wa Tanzania, Kenya na Uganda wamo miongoni mwa walionufaika. Vyuo vyote vinne viliasisiwa na masista kwa ajili ya wanawake, na vyote vinne baadaye vilianza kupokea wanaume. Walakini ihsani yao kwa mwanamke haikukoma, kwa sababu wapo ndani yake watu waliokumbuka vilikuwepo kwa nini.

Hayo ndiyo ninayotaka mabaraza ya shule na vyuo vyetu yazingatie. Katika nchi zetu ziko shule za wasichana zilizojengwa na masista wazungu na waafrika kwa kilimo, kwa ufumaji na kwa sadaka, na si ajabu siku moja ada zikipungua au askofu akitaka nafasi zaidi, pakaletwa shauri la kuzichanganya. Shauri hilo lisikataliwe kwa hofu wala lisipokewe kwa haraka. Kabla ya kupigwa kura, na iandikwe katika katiba ya chuo kwamba viti visivyopungua nusu vya baraza vitakaliwa na wanawake, na kwamba shirika lililoasisi litabaki na neno la mwisho katika uteuzi wa mkuu na katika mambo yanayogusa madhumuni ya chuo. Fedha na ardhi zilizotolewa kwa elimu ya wasichana zitengwe, zitolewe hesabu kila mwaka, wala zisigeuzwe kujengea viwanja vya michezo vya wavulana. Walimu wa kike wa hisabati na sayansi watafutwe kwa makusudi na walipwe ipasavyo, maana sadaka ya sista haitarudi tena. Na vyuo viwili vikiungana, visihamie vyote upande mmoja kwa kisingizio cha unafuu, kwa kuwa anayehama huja akiwa mgeni, na mgeni hapangi nyumba. Masharti haya si mazito kwa mtu mwenye insafu. Na baraza lolote litakaloyaona mazito mno, basi masista wawe na ujasiri waliokuwa nao wenzao wa Indiana mwaka 1971, waondoke mezani na chuo chao.